Kifundo Ndani ya Tenga

Karsang Waiba alikuwa mtu asiyejua kukaa kitako. Kwake nyumbani, kwenye mteremko ulio juu ya Mto Trisuli, chai aliinywa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na kabla haijapoa alikwisha kukiweka kikombe chini na kuuliza nani ana safari. Majirani walimcheka. "Karsang ana siafu kwenye suruali," walisema, naye alicheka nao huku anajifunga mkanda, kwa sababu kucheka na watu ukiwa unaondoka ni rahisi kuliko kukaa nao wakakuuliza hali.

Zamani hakuwa hivyo. Mkewe Mendo alipokuwa hai, Karsang alikuwa mvivu wa kupigiwa mfano. Akirudi safari alikaa jikoni siku tatu, mgongo ukutani, akila ugali wa ulezi na kumsimulia mkewe habari za matajiri aliowabeba: nani alitapika njiani, nani alilia alipoona korongo, nani aliahidi zawadi kubwa juu mlimani na akaisahau bondeni. Mendo alisikiliza huku anachochea moto, na kila mara aliuliza, "Na wewe ulimwambia nini?" Mara nyingi Karsang hakuwa amesema kitu. Mpagazi aseme nini? Lakini swali la Mendo lilitaka jibu, basi alibuni maneno ya kishujaa papo hapo, na Mendo, akijua fika kwamba yamebuniwa, alicheka mpaka akashika mbavu.

Kazi yake ilikuwa kubeba watu. Mizigo wanabeba wengi, lakini mtu ana adabu zake. Tenga la mianzi hukatwa ubavu mmoja ili miguu ipate kutoka, ndani hutandikwa mto wa sufu, na mkanda hupita kwenye paji la uso la mpagazi. Abebwaye huketi amempa mpagazi mgongo. Kwa hiyo mpagazi huona aendako, na abebwaye huona alikotoka. Watu wawili wakikaa hivyo siku tatu, hata kama hawapendani, watazungumza.

Na kila Karsang alipoondoka, Mendo alimsindikiza. Alikuja naye mpaka ukuta wa mawe ya sala, mwisho wa kijiji, wakaupita wakiuweka upande wa kulia kama inavyotakiwa, kisha akamwambia, "Usikimbie, njia inateleza," akageuka. Hakuwahi kupita hapo hata hatua moja. Wala hakuwahi kukosa kufika hapo.

Miaka mitatu iliyopita, wiki ya mwezi mpevu wa masika, Mendo aliumwa tumbo asubuhi na jioni hakuwepo. Wiki hiyo mlima haukosi watu. Wahindu hupanda kwenda kuoga katika ziwa la mungu wao Mahadev huko Gosaikunda na kubadili nyuzi zao takatifu, na sisi Watamang hupanda na waganga wetu, ngoma na manyoya ya tausi, kwa maana ziwa ni moja na kila mtu ana shida yake. Karsang alikuwa juu, amembeba mfanyabiashara wa nguo kutoka Kathmandu. Habari ilimfika njiani. Alikimbia siku moja na nusu, akaanguka mara mbili, akafika akakuta wamekwisha kumchoma, yamebaki majivu na kuni zilizolowa. Uso wa mkewe hakuuona. Yule aliyemsindikiza miaka ishirini na sita aliondoka peke yake, bila hata mtu wa kumwambia njia inateleza. Hilo ndilo lililomtafuna.

Lama Gyurme, kiongozi wa dini wa kijijini, alichukua kipande cha mfupa wa Mendo, akakisaga, akakichanganya na udongo mwekundu, akaufinyanga donge dogo kuliko yai la bata, lenye ncha juu kama paa la hekalu. Lilikaushwa juani tu, bila kuchomwa. Akamkabidhi Karsang likiwa ndani ya kitambaa.

"Kaliweke kwenye chorten ya Lauribina," alisema, akimaanisha ule mnara mweupe wa mawe ulioko ukingoni, kabla hujateremkia ziwani. "Usikawie. Aliyekufa ni msafiri. Unayemshika nguo hawezi kwenda."

"Nitaliweka, Lama."

"Mwaka wa tatu usiishe."

Karsang alilipandisha donge lile mara kumi na moja, na mara kumi na moja alilishusha. Kila alipofika kwenye chorten mkono uliingia kifuani, ukalikuta donge lina joto la mwili wake, na moyo ukasema: bado. Siri ya mbio zake ilikuwa hapo. Akikaa nyumbani, donge lilimwuliza. Akiwa njiani, aliweza kujiambia kwamba analipeleka.

Mwaka wa tatu ukawa unaisha, ndipo alipopewa Bibi Khagisara.

Alikuwa mjane wa Kibrahmani kutoka Chitwan, miaka sabini na minane, sari nyeupe, macho makali. Alifuatana na mwanawe Tikaram, mtu wa ofisi, mwenye viatu vipya na simu isiyoondoka mkononi. Bibi alikuwa ameweka nadhiri ya kuoga ziwani kabla hajafa, na madaktari walikuwa wamemkataza kwenda hata sokoni. Walikutana Dhunche, kwenye uwanja wa mabasi.

"Huyu ndiye?" Bibi alimwuliza mwanawe. "Mbona mwembamba hivi?"

"Na wewe si mnene, Bibi," Karsang akajibu. "Tutalingana."

"Mdomo unao."

"Ndio unaobeba, Bibi. Mgongo unasaidia tu."

Bibi akamtazama juu mpaka chini, akainua sari kidogo, akaingia ndani ya tenga kama mtu anayepanda kiti cha enzi. Safari ikaanza.

Siku ya kwanza ilikuwa ya ruba na msitu. Karsang alikwenda haraka, kama kawaida yake, na Bibi alilalamika kwamba miti inakimbia kabla hajaisalimia. Chakula cha mkono wa Mtamang hakula. Alikuwa na kifurushi chake cha pepeta, sukari guru na ndizi, akala akiwa ameelekea ukutani. "Usinione nina kiburi," alimwambia Karsang. "Mama yangu alinifunza hivi, na mimi nimeshazeeka. Mti mkavu haupindiki."

"Kula tu, Bibi. Mimi nina viazi vyangu, na wewe huvipati."

Tikaram hakupenda mzaha ule. Kila baada ya saa moja aliuliza wamebakiza kilomita ngapi, swali ambalo mlimani halina maana, na kila baada ya saa moja Karsang alimjibu kwamba ni karibu. Watalii waliwapita wakiwa na fimbo mbili mbili, wakapiga picha ya miguu ya Bibi inayoning'inia. Bibi akawatolea ulimi.

Siku ya pili mvua ilinyesha kama imelipwa. Bibi alifunikwa karatasi ya nailoni kutoka kichwani mpaka magotini, lakini Karsang alilowa mpaka mifupani. Walipofika kibanda cha chai cha Cholang Pati alitia mkono kifuani, akautoa una rangi nyekundu. Donge lilikuwa linayeyuka. Ncha yake ilikwisha kulainika kama sabuni.

Woga uliompata hapo haukuwahi kumpata hata kwenye korongo. Akatazama huku na huku. Tikaram alikuwa amemshika mama yake mkono, wanakwenda nyuma ya kibanda. Tenga lilikuwa tupu, na mahali pakavu kuliko pote Cholang Pati palikuwa chini ya ule mto wa sufu. Karsang akalichomeka donge kwenye pembe, ndani ya kitambaa chake, akauweka mto juu. Alijiambia: Bibi ni mwepesi kama kuku wa wiki ya njaa, na ni mpaka Lauribina tu, kesho.

Alijua alichokifanya. Bibi alikuwa anafunga vyakula vya moto, anajimwagia maji ya baridi mara tatu kwa siku, ili afike ziwani akiwa safi. Kwa Wabrahmani kifo ni najisi hata kikiwa cha ndugu, sembuse mfupa wa mwanamke asiyemjua, mla nyama ya nyati. Kumkalisha mtu kama huyo juu ya maiti ni tusi ambalo hata mlevi hathubutu. Angelijua, angeshuka hapo hapo na kurudi Chitwan na nadhiri yake mkononi. Karsang akanyamaza, akajifunga mkanda, akamwinua.

Hawakwenda mbali.

"Karsang!"

"Naam, Bibi."

"Kuna kitu kinanichoma huku chini."

"Wapi hasa?"

"Mahali ambapo sitakuambia."

"Ni kifundo cha tenga, Bibi. Mwanzi umevimba kwa mvua."

"Kifundo gani chenye ncha?"

"Tenga amelisuka shemeji yangu. Kila kitu chake kina ncha, hata salamu."

Bibi akacheka. Karsang hakucheka. Alikwenda hatua kwa hatua, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, akiogopa kila jiwe, na kila Bibi alipojisogeza yeye alifumba macho. Tikaram akashangaa. "Jana ulikuwa unakimbia, leo unatambaa. Umechoka?" Karsang akasema ndiyo, amechoka. Jioni, kwenye nyumba ya wageni, alitaka kulitoa donge, lakini Bibi aliagiza tenga liwekwe kando ya kitanda chake ili aegemeze miguu, akaegemeza miguu mpaka asubuhi.

Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito. Njia ilikuwa ngazi za mawe, na waganga walipita wakiwa wamevaa meupe, wanapiga ngoma na kuruka kana kwamba hewa ya huko inatosha. Chorten ilikuwa mbele kidogo, na Karsang alikuwa ameshaamua. Safari hii angeliweka. Angeomba kupumzika, angemshusha Bibi, angejifanya anatengeneza mto. Alikuwa anapanga hata maneno ya kusema.

"Simama nijigeuze," Bibi akasema. "Kiuno kinakufa."

"Bibi, ngoja kidogo, tunakaribia…"

"Ngoja nini? Kiuno hakingoji."

Akajigeuza. Karsang alihisi kwenye mkanda wa paji la uso kitu kidogo kikishuka, kama mtu aliyekanyaga ganda la yai chumba cha pili.

"Aaa," Bibi akasema. "Afadhali! Kile kifundo chako kimeondoka."

Karsang alisimama katikati ya ngazi. "Kimeondoka vipi, Bibi?"

"Kimekwisha. Kimelainika. Sasa nakaa kama malkia. Mbona umesimama?"

Miguu ilianza kutembea yenyewe, kwa sababu miguu ya mpagazi haijui kingine. Chorten ikatokea ndani ya ukungu, na vitambaa vyake vya sala vimelowa vimeshikamana. Karsang akaipita, akiiweka upande wa kulia, bila kusimama. Angesimama aweke nini? Mara kumi na moja alikuwa na kitu cha kuweka akakosa moyo. Leo moyo alikuwa nao. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwenye kuyamwaga alikuwa yeye mwenyewe, kwa uongo wa kifundo. Alijichukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Ziwani palikuwa na watu mamia. Wengine wanatetemeka majini, wengine wanafungwa nyuzi mkononi, na kengele ya hekalu dogo la Mahadev haikunyamaza. Karsang alimshusha Bibi kando ya maji, mahali penye nafasi. Bibi aliposimama, sari yake nyeupe nyuma ilikuwa na doa jekundu la udongo, kubwa kama sahani.

"Mama!" Tikaram akapaza sauti. "Tazama nguo yako! Wewe mpagazi, tenga lako chafu namna gani hili?"

Karsang hakumsikia. Alikuwa amepiga magoti, ameutupa mto pembeni, anakwangua kwa kucha kati ya mianzi. Kitambaa kilikuwa kimefunguka. Udongo ulikuwa umeingia kila mahali, kwenye sufu, kwenye nyufa, umekuwa unga na matope, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungeukusanya. Bibi alimtazama akikwangua. Alikuwa amezaa watoto saba na kuzika wanne, na alijua mtu anayesafisha tenga tu hakwangui namna ile.

"Tikaram," akasema, "nenda kanitafutie maua."

"Maua yapo hapa kwenye…"

"Hayo yamenyauka. Nenda."

Tikaram akaenda. Bibi akainama. "Nilikalia nini?"

Karsang alifungua mdomo abuni kitu. Hakikuja.

"Mke wangu," akasema.

Akamweleza yote, bila kuinua kichwa: mfupa, donge, mara kumi na moja, mvua ya Cholang Pati. Bibi alirudi nyuma hatua mbili, akaishika sari yake kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

"Umenikalisha juu ya maiti! Mimi! Ninayekwenda kuoga!"

"Ndiyo, Bibi."

"Nakuuliza kuna nini, unaniambia kifundo! Na shemeji ukamsingizia!"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungekubali kubebwa?"

Bibi akavuta pumzi atukane tena, kisha akaiacha itoke bure. "Nisingekubali," akasema. Akatazama ziwa, akamtazama yule mwanaume na kucha zake zilizojaa udongo. "Siku mbili nimemkalia mtu wala hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika. Anaitwa nani?"

"Mendo."

"Ulitaka umpeleke wapi?"

"Kwenye chorten, Bibi. Kwetu ndivyo."

"Kwetu majivu tunayatia majini." Midomo yake ikacheza kama ya mtu anayepiga hesabu ya kitu kisicho na tarakimu. "Sasa nusu yake iko kwenye nguo yangu, na nusu iko kwenye tenga lako. Kwenye mnara hawezi kufika tena, umeshaona mwenyewe. Basi leo atakwenda kwa njia yetu. Ya kwenye nguo nitaipeleka mimi. Ya kwenye tenga ni kazi yako, sikusaidii."

Hakubadili sari. Aliingia majini nayo vile vile, akishika jiwe, na maji ya huko ni baridi ya kukata pumzi. Yakafika magotini, yakafika kiunoni, na doa likaanza kuachia, rangi nyekundu ikitoka nyuma yake kama moshi. Karsang alimsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Haya Mendo, twende mama. Usiogope, ni baridi mwanzoni tu." Akazama mara tatu.

Karsang alibaki ukingoni amelikumbatia tenga. Mikono ilikataa kuachia. Moyo ulisema neno lake la siku zote: bado. Lakini nusu ya Mendo ilikuwa imeshatangulia, na mwanamke asiyemjua ndiye aliyeishika mkono, kama vile mara ya kwanza walivyomchoma watu wengine. Hapo aliona kwamba akingoja tena, atachelewa mara ya pili. Akaingia majini na viatu vyake. Akalizamisha tenga na mto wake, akalitikisa, akalizamisha tena.

"Wee!" mhudumu wa hekalu akapiga kelele kutoka juu. "Hapa si pa kufulia matenga! Ziwa la Mahadev hili! Toka!"

Watu wakageuka. Bibi Khagisara, maji yakimtiririka usoni, meno yakigongana, akainua mkono mmoja.

"Mwache!" akasema, kwa sauti ambayo Tikaram, anayerudi na maua, hakuwa ameisikia tangu utotoni. "Huyo anamsindikiza mkewe!"

Mhudumu akarudi hekaluni. Mama mmoja aliyekuwa karibu na Karsang akasogea kumpa nafasi. Wekundu ukatoka kwenye mianzi, ukaelea kidogo, ukashuka. Midomo ya Karsang ilisema kitu, kisha maji yakawa meupe na tenga likawa tenga.

Walianza kurudi mchana huo huo, kwa kuwa Tikaram alihofia hewa hafifu ya huko juu itamdhuru mama yake. Bibi alikuwa amevaa nguo kavu, lakini tenga lilikuwa linachuruzika, na ndani yake walitandika blanketi la Karsang. Walipanda ukingo. Chorten wakaipita tena, sasa kwa upande ule mwingine, nayo ikabaki kuliani vile vile. Karsang alikwenda polepole. Tikaram alikuwa mbele, anatafuta mtandao.

"Karsang," Bibi akasema, akiwa ameelekea ziwani, ambako ukungu ulikuwa unafunga. "Pale majini niliona mdomo wako unatikisika. Ulimwambia nini?"

Ilikuwa miaka mitatu hajaulizwa swali lile. Karsang alichukua hatua moja, akachukua ya pili, na safari hii hakuhitaji kubuni.

"Nilimwambia asikimbie, Bibi. Njia inateleza."

Baada ya muda Bibi alihisi tenga linatikisika, na haukuwa mtikisiko wa mawe. Hakuuona uso wa Karsang, wala hakujaribu kugeuka.

"Lia tu, mwanangu," akasema. "Mimi naangalia huku."

Karsang akalia mpaka Cholang Pati, na huko akaingia kibandani, akaketi mgongo ukutani, akanywa chai vikombe viwili.